Notisi nimpe nani, mimi mwenyewe? Kisa cha mwenye malori na 401(k) ya mtu mmoja

Jamaa alikuja kwangu tarehe 14 Agosti 2025 na hasira ya miezi miwili. Ofisi yangu ni chumba cha mbele cha nyumba huku kusini magharibi mwa Houston, meza moja, printa moja na kiyoyozi kinachokohoa, kwa hiyo mtu akija na hasira inajaa chumba chote. Ni mtu wa Tanga, Texas kashakaa zaidi ya miaka ishirini, ana kampuni yake ya malori mawili, moja analiendesha mwenyewe. Vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili asitambulike, na hesabu nimeziviringisha, ila kisa ndo hicho hicho.

Hata hakukaa. "Dada, hawa watu nawashitaki."

Hawa watu ni kampuni ya uwekezaji, jina niliache. Jamaa ana 401(k), mpango wa akiba ya uzeeni wa kazini, ile ya mtu mmoja, wengi wanaiita solo, kaifungua 2016 na kila mwaka anatupia humo kadiri biashara ilivyokwenda. Juni aliamua kuihamisha toka kampuni moja kwenda nyingine kwa sababu hii mpya makato yake nafuu. Katika kuhama akaunti ikafungwa kuanzia tarehe 9 mpaka tarehe 24, hanunui, hauzi, hela yote imekaa tu kama pesa taslimu huku soko linapanda. Kwa hesabu yake kapoteza kama dola 6,000. Alafu kwenye grupu la WhatsApp la madereva mtu akamwambia bro kuna sheria hapa Marekani, akaunti ya pensheni ikifungwa lazima upewe notisi siku 30 kabla, wasipokupa kuna faini kila siku. Basi jamaa kashapiga hesabu ya faini, kashaipangia na matumizi.

Kwanza niseme yule mtu wa kwenye grupu hakudanganya, sheria ipo kweli, na kuzaliwa kwake ni hapa hapa Houston. Wazee wa mji huu wanaikumbuka Enron, ile kampuni kubwa ya nishati iliyofilisika. Msimu wa vuli wa 2001 kampuni ikiwa inazama, mpango wao wa 401(k) ulikuwa unabadilisha waendeshaji, na katika kubadilisha wafanyakazi wakafungiwa akaunti kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba, hisa za Enron zinaporomoka na wao hawawezi kuuza, na wengi sehemu kubwa ya akiba yao ilikuwa ndo hizo hizo hisa. Mwaka uliofuata, 2002, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya Sarbanes-Oxley, na ndani yake kukawa na kipengele kinachosema wafanyakazi wakifungiwa akaunti kwa zaidi ya siku 3 za kazi mfululizo, kile wanachokiita blakauti, lazima wapewe notisi ya maandishi si chini ya siku 30 na si zaidi ya siku 60 kabla. Na faini ipo, sheria ilianzia dola 100 kwa siku kwa kila mwanachama na tangu hapo inapandishwa kufuata mfumuko wa bei.

Kwa hiyo siku 15 akaunti imefungwa, notisi hamna. Ukiangalia juu juu jamaa ana kesi.

Nikamuuliza swali moja tu: hiyo notisi nani anatakiwa aitoe?

"Si wao? Wao ndo wamefunga."

Sheria haisemi wao. Inasema msimamizi wa mpango. Na hapa ndo watu wengi wenye solo 401(k) wanapochanganya, wanadhani ile kampuni ya uwekezaji ndo mwenye mpango, kumbe yule mara nyingi katunza hela na kukupa makaratasi ya mfano ujaze, basi. Nikatoa kwenye faili lake mkataba wa kuanzisha mpango, karatasi aliyoijaza mwenyewe 2016, nikamgeuzia. Panapoandikwa mwajiri, jina la kampuni yake. Panapoandikwa msimamizi wa mpango, jina lake. Panapoandikwa mdhamini, jina lake tena, na sahihi ile ile tatu, moja kaikata haraka kama mtu aliyekuwa anawahi mzigo.

Akaiangalia muda. "Sasa hiyo notisi nimpe nani, mimi mwenyewe?"

Ndo hivyo. Aliyetakiwa kutoa notisi ni yeye, aliyetakiwa kupokea ni yeye, na angetaka kushitaki basi angejipeleka mahakamani asubuhi kama mlalamikaji na mchana arudi kama mlalamikiwa. Tukacheka, hasira ikapungua, akakaa.

Ila tusiishie kwenye utani kwa sababu sheria yenyewe imeliona hilo. Kipengele hicho hicho cha blakauti kinausamehe mpango wa mtu mmoja, na kimeeleza kabisa mpango huo ni upi: siku ya kwanza ya mwaka wa mpango uwe unamhudumia mtu mmoja tu, au yeye na mwenzi wake wa ndoa, na huyo mtu (au na mwenzi wake) ndo wamiliki wa biashara yote asilimia 100. Wabia nao wameingizwa, wabia na wenzi wao. Shika hayo maneno siku ya kwanza ya mwaka, tutayarudia.

Na msamaha huo ni tawi tu la shina kubwa. Sheria mama ya pensheni za kazini huku inaitwa ERISA, ya 1974, ndo inayoleta karibu notisi zote unazozisikia: kijitabu cha maelezo ya mpango, muhtasari wa ripoti ya mwaka, karatasi ya ada na makato, taarifa za akaunti za kila robo mwaka. Kanuni za Wizara ya Kazi zinasema mmiliki wa biashara yote na mwenzi wake hawahesabiwi kuwa wafanyakazi, na mpango usio na mfanyakazi hata mmoja ndani yake hauko chini ya hizo notisi. Mantiki yake nyepesi, notisi ni ya kumlinda mtu ambaye hela zake zinashikwa na mwingine. Wewe unazishika zako mwenyewe, utajificha nini. Mke wa jamaa ndo anaandika ankara za mizigo na kufuatilia malipo, analipwa mshahara na yumo kwenye mpango, na bado mpango unahesabika wa mtu mmoja. Watu wanauliza sana hapa, na mtoto je? Mtoto hapana. Ukimwajiri kijana wako akaingia kwenye mpango, huyo kwa kanuni hiyo ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine, msamaha ni wa mwenzi wa ndoa tu.

Kwa hiyo la blakauti tukalifunga. Kama ana lalamiko juu ya ile kampuni kuchelewesha uhamisho, hilo aende nalo kwa mkataba aliosaini nao, siyo kwa sheria ya notisi.

Ningeweza kuishia hapo nikachukua hela yangu ya ushauri. Lakini wakati natafuta ule mkataba kwenye faili nilikuwa natafuta na kitu kingine, na sikukiona. Nikamuuliza, mwisho wa mwaka jana akaunti ilikuwa na shilingi ngapi? (Tunasema shilingi hata tukiwa na dola, mazoea.) Akafungua simu: dola 418,000 na ushee.

"Na fomu 5500-EZ ya mwaka jana uliituma lini?"

"Fomu gani?"

Jamani. Huku ndo kwenye kisa chenyewe. Watu wakisikia mpango wa mtu mmoja umesamehewa notisi wanaelewa umesamehewa kila kitu. Notisi zimesamehewa kwa sababu hamna wa kupewa. Lakini serikali ya kodi, IRS, yenyewe ipo, na yenyewe haisomi ERISA ikakuonea huruma, inataka ripoti yake. Mpango wa mtu mmoja ukimaliza mwaka na mali zaidi ya dola 250,000 unatakiwa utume fomu 5500-EZ, na mwaka wa kuufunga mpango unatuma hata kama umebakiwa na dola 10. Kwa mwaka wa kawaida wa kalenda mwisho ni 31 Julai, na ukitaka nyongeza unajaza fomu 5558 kabla ya hiyo tarehe unapata mpaka 15 Oktoba. Sisi tulikuwa tarehe 14 Agosti. Nyongeza imepita wiki mbili.

Nikamwambia kampuni yako ya zamani lazima ilikukumbusha, huwa wanatuma barua. Akakaa kimya alafu akatoka nje, lori dogo aliliegesha mbele ya nyumba, nikamwona dirishani anafungua kidroo cha dashibodi, anatoa risiti za mizani, leseni ya zamani, kopo la dawa ya kikohozi, na bahasha tatu. Mbili hazijafunguliwa. Moja kaifungua na nyuma yake kaandika namba ya simu ya fundi matairi. Barua zinasema kwa lugha ya upole kabisa, salio lako limepita 250,000, huenda una wajibu wa kutuma fomu 5500-EZ, wasiliana na mshauri wako wa kodi. Anasema mshauri wake wa wakati ule alikuwa mtu anayejaza kodi za msimu, akipelekewa W-2 (karatasi ya mshahara wa mwajiriwa) na risiti za dizeli anamaliza kwa dakika arobaini. Sitamsema vibaya sana, hakuulizwa.

Tukakaa tukapanga miaka. Mwisho wa 2021 akaunti ilikuwa na kama 263,000. Mwisho wa 2022 soko lilianguka, S&P 500, kipimo cha hisa za makampuni makubwa ya Marekani, ilishuka karibu moja ya tano, akabaki na 231,000. Mwisho wa 2023 ni 318,000. Mwisho wa 2024 ndo hizo 418,000. Jamaa akataka kuhesabu yote minne, nikamwambia hapana, kipimo ni salio la mwisho wa kila mwaka peke yake, 2022 ulikuwa chini ya mstari kwa hiyo mwaka huo hudaiwi fomu, hata kama uliwahi kuupita mwaka uliotangulia. Kuanguka kwa soko kukamsaidia mahali pamoja. Inabaki mitatu: 2021, 2023 na 2024.

Sasa faini. Zamani ilikuwa dola 25 kwa siku na haizidi 15,000. Sheria ya SECURE ya 2019 ikaipandisha mara kumi, sa hivi ni dola 250 kwa siku na inaishia 150,000 kwa fomu moja. Nikaziandika kwenye karatasi mbele yake. Ya 2021 imechelewa miaka mitatu na kitu, imeshagonga dari, 150,000. Ya 2023 imechelewa siku 379, mara 250 ni 94,750. Ya 2024 siku 14, ni 3,500. Jumla 248,250. Mtu aliyekuja kudai dola 6,000.

Hakusema kitu. Akauliza kama nina maji.

Sikutaka kumtesa, nikamwambia hapo hapo kuwa kuna mlango. IRS ina utaratibu wa msamaha kwa wachelewaji wa mipango hii midogo, upo tangu 2015, unaitwa kwa namba yake Rev. Proc. 2015-32. Unatuma fomu zote ulizochelewa kwa karatasi, kila mwaka kwa fomu ya mwaka wake, unabandika juu fomu 14704 kama ukurasa wa mbele, na unalipa dola 500 kwa kila fomu lakini kwa mpango mmoja haizidi 1,500. Fomu tatu, 1,500 kamili. Sharti kubwa ni moja, wasiwe wameshakutumia barua ya kukutoza faini, ile notisi CP 283. Ikishakufikia mlango umefungwa, unabaki kuandika barua za kujieleza na kuomba. Ndo maana kitu cha kwanza nilichofanya ni kumwambia amtumie mkewe meseji apige picha kila bahasha ya IRS iliyoko nyumbani, na tukasubiri zile picha kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Zikaja saba. Hamna CP 283. Alhamdulillah, alisema yeye, na mimi ambaye si Mwislamu nikaitikia.

Fomu yenyewe wala si ngumu, ni kurasa chache, inauliza jina la mpango, namba, mali mwanzo wa mwaka na mwisho, michango, kama kuna mkopo. Kuna sehemu ya kuweka alama kwamba unatuma chini ya utaratibu wa wachelewaji, usiisahau hiyo, ndo inayomwambia mtu anayefungua bahasha kwamba hujaja kimakosa. Bahasha inakwenda Ogden, Utah, kwa posta ya kusainiwa, na nakala unakaa nayo.

Nilipofika kwenye mstari wa fomu unaouliza idadi ya watu kwenye mpango mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka nikakumbuka kuuliza: lile lori la pili nani anaendesha?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo panapowamaliza watu wetu. Mwenye malori wa kiswahili huku, awe wa Tanga, Mombasa au Bukavu, akipata lori la pili anamwita ndugu au rafiki, wanakubaliana kwa maneno, mwisho wa mwaka anampa fomu 1099 kama mkandarasi, na kichwani mwake hana mfanyakazi. Lakini jina la fomu haliamui. Lori la nani? Bima ya nani? Kadi ya mafuta ya nani? Nani anapanga mzigo na saa ya kuondoka? Anaweza kukataa safari akafanyia kampuni nyingine? Kama majibu yote yanakurudia wewe, huyo ni mfanyakazi hata ukimpa 1099 kumi, na kama ni mfanyakazi basi na pensheni inamhesabu, tena tangu siku aliyotimiza masharti, siyo siku uliyokamatwa. 2022 na 2023 jamaa alikuwa na mtu mwenye lori lake mwenyewe, kibali chake na bima yake, anampa tu mizigo. Huyo kweli ni mkandarasi, nikapumua. Lakini Machi 2024 akanunua lori la pili na kumweka dereva, na kwa bahati bima ilimlazimisha amwandike kwa W-2. Nasema kwa bahati kwa sababu angalau tarehe tunazo.

Mkataba wa mpango wake, ule ule alioujaza haraka, unasema mfanyakazi mwenye miaka 21 aliyemaliza mwaka mmoja na saa 1,000 anaingia, na milango ya kuingilia ni miwili kwa mwaka, 1 Januari na 1 Julai. Dereva ana miaka 34. Saa 1,000 kwa dereva wa masafa marefu ni miezi michache tu. Mwaka wake ulitimia Machi 2025. Kwa hiyo mlango wake ni 1 Julai 2025. Wiki sita kabla ya jamaa kukaa kwenye kiti changu.

Sasa rudi kwenye lile neno nililokuambia ulishike. Akaunti ilifungwa Juni, na siku ya kwanza ya mwaka, 1 Januari 2025, kwenye mpango alikuwa yeye na mkewe tu. Kwa hiyo msamaha wa blakauti ulimkinga. Angechelewa akahama Februari 2026, dereva akiwa tayari yumo siku ya 1 Januari ya mwaka huo, yeye huyu huyu msimamizi wa mpango angetakiwa akae chini amwandikie dereva wake notisi siku 30 kabla, na asipoandika ile faini aliyokuwa anaipigia hesabu ingekuwa inamkimbiza yeye.

Na kuanzia 1 Julai mpango si wa mtu mmoja tena. ERISA imeingia mlangoni pamoja na dereva. Nikamsomea, naye safari hii kaandika mwenyewe nyuma ya ile bahasha ya fundi matairi. Kijitabu cha maelezo ya mpango kimfikie dereva ndani ya siku 120 tangu mpango uingie chini ya sheria, yani kufikia 29 Oktoba. Karatasi ya ada na makato ya uwekezaji aipate kabla hajachagua hela zake ziwekezwe wapi. Hela anayokatwa kwenye mshahara iwekwe kwenye mpango ndani ya siku 7 za kazi ili asiulizwe na Wizara ya Kazi. Bondi ya kukinga wizi, asilimia 10 ya mali, kwake ni kama dola 42,000, bondi yenyewe haigharimu sana kuinunua lakini watu hawajui hata kama ipo. Ripoti ya mwaka 2025 haitakuwa EZ tena, itakuwa 5500-SF, na hiyo inaonekana na umma mzima mtandaoni. Alafu muhtasari wake apewe dereva. Na dereva akiomba kwa maandishi nakala ya makaratasi ya mpango na wewe ukakaa nayo zaidi ya siku 30, mahakama inaweza kukutoza mpaka dola 110 kwa siku.

"Mtu mmoja tu huyu," akasema. Ndiyo, mtu mmoja tu.

Zile wiki sita ambazo dereva alikuwa na haki ya kukatwa mshahara auweke na hakuambiwa ni kosa, ila bado dogo. Taratibu za IRS za kujisahihisha zinasema ukimfungulia mlango kabla miezi mitatu haijapita, hulazimiki kumlipia yale makato aliyoyakosa, sharti umwandikie ndani ya siku 45 tangu makato yaanze, umweleze kwamba alikosa nafasi hiyo na sasa imerekebishwa. Umeona, notisi tena. Mtu aliyekuja kudai notisi anaondoka na notisi za kuandika.

Kuna na hesabu ya upendeleo, mtihani wa kuangalia kama mpango unawapendelea wenye biashara kuliko wafanyakazi. Akaunti za jamaa na mkewe ndo mpango mzima, kwa hiyo mpango umeelemea kwa wenyewe, na ukielemea hivyo dereva naye lazima apate mchango wa mwajiri, kwa kawaida asilimia 3 ya mshahara wake, ikiwa wenyewe wanajichangia angalau kiasi hicho. Tena dereva asipokatwa chochote, jamaa mwenyewe karibu asiruhusiwe kuweka chochote toka mshahara wake. Njia niliyompa ni kurekebisha mkataba kabla ya 1 Desemba ili kila anayestahili achangiwe 3% anayoimiliki papo hapo, hapo anaruka ule mtihani na anaendelea kujaza kikomo chake, 2025 ni dola 23,500, na kwa kuwa kapita miaka 50 anaongeza 7,500. Njia hiyo tangu mabadiliko ya 2019 haina notisi ya kila mwaka. Ile nyingine ya kumwongezea dereva kulingana na anavyokatwa inayo, kati ya siku 30 na 90 kabla ya mwaka kuanza, na kwa mtu anayehifadhi barua kwenye kidroo cha lori sikuipendekeza.

Tatizo lililobaki ni kwamba ile kampuni mpya aliyohamia Juni, mkataba wake wa solo hauruhusu mfanyakazi ndani. Itabidi ahame tena. Hilo lilimuuma kuliko 1,500.

Faida ipo moja, nikamwambia asiondoke na majonzi matupu. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya daktari mmoja wa Tennessee, Yates dhidi ya Hendon, ilisema mwenye biashara naye ni mwanachama kamili anayelindwa na ERISA mradi mpango una angalau mfanyakazi mmoja zaidi yake na mwenzi wake. Texas yenyewe ina sheria nzuri ya kukinga akiba za uzeeni zisichukuliwe na wadai, lakini mtu wa malori, ambaye ajali moja ya barabara kuu inaleta kesi ya mamilioni, akipata kinga ya shirikisho juu ya ile ya jimbo si haba.

Alafu akaniuliza kitu kilichonifurahisha. Dereva ni mtu wa Goma, Kiswahili chake safi, Kiingereza anacho lakini cha barabarani. Je, kile kijitabu anaweza kumwandikia kwa Kiswahili? Anaweza, hakatazwi, ila lazima cha Kiingereza kiwepo. Na kuna kanuni watu hawaijui, kwamba mpango wenye watu chini ya 100, ikiwa robo yao au zaidi wanasoma lugha moja tu isiyo Kiingereza, kijitabu lazima kiwe na tangazo kwa lugha hiyo, linalowaambia wapi na saa ngapi watapata msaada wa kuelewa. Kwenye mpango wa watu watatu, mtu mmoja ni theluthi. Dereva huyu hamo kwa sababu Kiingereza anakisoma kiasi, na sheria ya malori yenyewe inamtaka akijue, tangu 2025 wamekaza kweli na wanaowakuta hawakijui wanawashusha barabarani. Lakini jamaa anataka kumleta shemeji yake wa kuosha malori na kufanya matengenezo. Huyo akija kwa saa za kutosha na hajui kusoma ila Kiswahili, ntaliandika lile tangazo mwenyewe, na ntalitia kwenye fremu.

Fomu tatu zilipelekwa posta wiki ile ile na cheki ya 1,500. Kijitabu tulikimaliza mwisho wa Septemba, kurasa kumi na nane, ukurasa wa mwisho una anwani ya msimamizi wa mpango, yani nyumbani kwa jamaa, na simu ya mkewe. Dereva alikuja kukichukua kwangu akitoka Laredo. Akakipokea kwa mikono miwili, akauliza kama kuna mahali pa kusaini, nikamwambia hapana, ni cha kusoma. Akashukuru, akatoka, akapanda lori, nikamwona anakikunja mara mbili anakisokomeza juu kwenye kikinga jua. Nikatoka mbio kumgongea dirisha.